Ngozi Kavu

Emmanuella alipomgusa baba yake shingoni, ngozi ilikuwa ya moto na kavu kabisa. Yeye ni muuguzi Stockholm. Alijua maana ya mwili ulioacha kutoa jasho.

Akachomoa chupa kwenye baiskeli ya baba. Tupu. Akaelewa: tangu waingie barabara ya changarawe, mzee alikuwa akimpa yeye maji yake, kisha anajifanya kunywa.

"Papa, kwa nini?"

"Kunywa, mama. Miye niko muzuri."

Jangwa hilo la Marekani, walikokuja likizo kuendesha baiskeli, lote lilikuwa vichaka vya kijivu. Simu haikushika mtandao. Lami ilikuwa kilomita kumi na nane mbele.

Akamlaza, akammwagia kichwani maji yote yaliyobaki kwenye chupa yake mwenyewe, akapanda baiskeli kwenda kutafuta msaada.

"Usilale, Papa. Hesabu kwa sauti."

Alimsikia akihesabu mpaka sita.