Safu Iliyogoma Kukaa

Safu ile ilikuwa imetoweka kwa mara ya tatu, na mara zote tatu ilitoweka saa ya chakula cha mchana.

Binti, mtunza kanzidata wa hospitali, alikodolea macho dirisha jeusi la kompyuta yake. Asubuhi aliandika amri kwa mkono wake mwenyewe, na mtambo ukamjibu: faili la arobaini na mbili limepita. Maana yake jedwali kuu lilikuwa limeongezwa safu mpya, yenye majina ya watu waliojitolea kutoa figo, kila jina ubavuni mwa mgonjwa aliyepokea. Sasa ilikuwa saa nane, na safu haipo. Hakuna jina lililopotea. Yote yalikuwa yamerudi kwenye jedwali la zamani, lile lenye kufuli, lisilosomwa na kila mtu.

Mwizi gani huyu, avunje mlango asichukue kitu?

Alifungua daftari la mtambo, linaloweka kumbukumbu ya kila amri. Amri ya mwisho ilikuwa fupi: rudisha nyuma, hatua moja. Akaunti iliyotumika ilikuwa ya watu wawili tu, yeye na Mzee Nukta.

Mzee Nukta walimbandika jina hilo kwa sababu hakubonyeza amri bila kuisoma mara tatu, nukta kwa nukta. Ndiye aliyempokea binti kazini, akamfundisha kwamba kila faili la kwenda lazima liwe na faili la kurudi. "Usipande mti usiojua kuushuka," alimwambia siku ya kwanza.

"Mzee, safu imeondoka tena."

Mzee alikuwa anakunywa maji. Siku hizi chupa haimtoki mkononi. "Labda ni mtambo, binti."

"Mtambo haujui saa ya kula."

Alifunga kifuniko polepole. "Hayo ni mambo ya watu. Yangebaki kwenye kufuli lake tu." Kisha, kama kawaida yake: "Mama hajambo?"

"Hajambo."

Tangu mama yake apasuliwe, hapakupita siku Mzee asimuulizie. Zamani binti aliuona huo ni utu. Leo alisikia mtu anayekwepa swali.

Na ukishaanza kumshuku mtu, hata kikohozi chake kina maana. Binti akakumbuka likizo ya miezi miwili ambayo Mzee alichukua mwaka juzi, akarudi amekonda, asiseme alikuwa wapi. Akakumbuka siku seva mpya zilipoletwa: kila mtu alibeba, hata mkuu wa kitengo na viatu vyake virefu, lakini Mzee alishika mlango, eti mgongo. Na kufuli la jedwali lile, nani aliliweka? Yeye huyo huyo. Watu walikuwa wakinong'ona mjini kwamba figo huuzwa. Je, kama baadhi ya majina yale si ya watu waliojitolea?



Kesho yake aliendesha amri upya, akaaga anakwenda kula, akaishia kwenye ngazi. Baada ya dakika kumi alirudi akinyata. Mzee alikuwa ameinama mbele ya skrini, miwani puani, midomo ikichezacheza. Alikuwa anasoma amri kwa mara ya tatu.

"Mzee!"

Hakushtuka. Alibonyeza kwanza, safu ikatoweka, ndipo akageuka na kiti chake.

"Binti, sijawahi kukuomba kitu. Leo nakuomba. Niachie hili."

"Unamficha nani?"

Mzee aliichukua chupa yake, akanywa funda moja.

"Nambie basi, Mzee! Nipe sababu moja tu, nitanyamaza."

Mzee alimtazama kama mtu anayepima uzito wa mzigo kabla ya kuutua. Mwisho akatikisa kichwa. "Siwezi."

Binti alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa kitengo. Aliyasema yote: amri, likizo, kufuli.  Haikupita saa moja, Mzee Nukta alikuwa amefungiwa akaunti na amekabidhiwa boksi la kutilia vitu vyake. Mlinzi alimbebea. Mzee alipofika kwenye meza ya binti alisimama.

"Piga nakala ya jedwali kwanza kabla hujabonyeza," alisema. "Na mama umsalimie."

Binti hakuinua uso.

Mlango ulipofungwa, mkuu wa kitengo alisogeza kiti. "Haya. Iendeshe tena, halafu nitafutie huyo mtu alikuwa anaficha nini. Nataka kila mstari wenye jina lake, kabla sijapiga simu polisi."

Binti alipiga nakala. Akaisoma amri mara tatu, akabonyeza. Faili la arobaini na mbili limepita. Kisha akaandika jina kamili la Mzee, lile la kwenye kitambulisho cha kazi, akasubiri mistari imiminike.

Ukaja mmoja tu. Jina la Mzee lilikuwa kwenye safu ya waliotoa. Ubavuni mwake, kwenye safu ya waliopokea, binti alisoma jina la mama yake mzazi.