Baba na Pudini Yake

“Pudini,” alisema baba, na binti yake akamwekea mto mgongoni.

“Pudini,” akasema tena, kwa kuvuta, naye akampa maji.

Kaka wa binti huyo alisimama mlangoni na funguo za gari mkononi, ameduwaa. Tangu apigwe na kiharusi, mzee huyu, fundi magari aliyekuwa hafungi mdomo, alibaki na neno hilo moja tu. Na wala pudini yenyewe hakuwahi kuipenda. Alikuwa akiiita chakula cha vibogoyo. Binti ndiye aliyejifunza kumwelewa. Akilitamka haraka, anataka choo. Akilinong'ona, mgongo unauma. Akilipigia kelele, ni matusi, na matusi ya gereji hayatafsiriwi.

Binti alikuwa amechoka, hilo halina ubishi. Kiuno hakikuwa chake tena, na usingizi aliusikia kwa wenzake tu.

“Dada, nimepata nyumba ya kutunzia wazee,” kaka alisema. “Ni pazuri. Nimekuja kumchukua.”

“Humchukui. Huko nani atajua anachosema?”

“Basi muulize mwenyewe.”

Kabla hajauliza, baba aliteremsha mguu wake usiopooza, akasukuma begi lililovimba kutoka uvunguni. “Pudini,” alisema taratibu, akanyoosha kidole mlangoni.

Wiki nzima, kila akiwa jikoni, binti alimsikia mzee akipekuapekua kabati la nguo zao wawili kando ya kitanda, asijue kuwa anafungasha. Pudini ya namna hii hakuwahi kuisikia, lakini hata mgeni angeielewa.

“Anataka kwenda,” alisema, na machozi yakamtoka. Amemkosea nini baba yake? Iliuma, tena iliuma sana, ila hata nguvu za kugombana hakuwa nazo. “Haya, mchukue. Angalia tu kama ameweka sweta, huwa anasikia baridi.”

Kaka akapiga magoti, akafungua zipu. Akatoa gauni. Akatoa jingine, limekunjwa ovyo kwa mkono mmoja, kisha viatu vya dada yake na kitana chake. Nguo ya kiume haikuwamo hata moja.

Baba akamshika mwanawe wa kiume mkono, akamvuta mpaka akakaa kwenye kiti cha dada yake, kando ya kitanda.