Wiki Yetu Sinema ya Nuru

Siku hizi Sinema ya Nuru haionyeshi tena picha za Kihindi wala za ngumi. Inaonyesha nyumba za mtaani. Kila nyumba huarifiwa zamu yake, kuta zake hurekodi siku saba, kisha Jumamosi majirani huja na bisi zao kutazama.

Leo ilikuwa zamu ya nyumba ya Mwanakombo. Kwenye skrini alionekana akimkanda mama mkwe wake miguu, akimpozea uji, akimsikiliza hadithi zake za ujana.

"Mkamwana kama huyu utampata wapi?" alisema mama mmoja nyuma. "Wangu hata salamu ananitupia kama mfupa."

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Mwanakombo aliukumbuka uji wa leo asubuhi, alivyouacha mlangoni pa mama mkwe bila hata kubisha hodi.

Bi Tatu, mama mkwe wake, aliyeketi kando yake, alimshika mkono.

"Mwanangu," alimnong'oneza, "ile wiki ilikuwa nzuri sana. Zamu yetu itarudi lini?"

Kabla hajajibu, taa ziliwashwa. Majirani wakamzunguka kumpongeza, naye hakuwa na pa kuuficha uso.