Jina la Kusomwa Ijumaa

Kitu cha kwanza nilichokiona ni samli. Shemeji yangu alikuwa ameipaka kidoleni ili pete ya utawala ya mume wangu ipite, na maiti bado haijaoshwa.

"Nenda kakae eda, shemeji," alisema. "Au utaongoza askari na ushungi kichwani?"

Miaka yote mume wangu alipougua niliwaongoza mimi, huyu akila asali kwake bondeni.

Khatibu akaja kuuliza jina la mtawala mpya, alisome kwenye hotuba ya Ijumaa. Walinzi wa ngome wakanitazama. Kwetu Yemen jina la mke wa amiri halitamkwi mbele ya wanaume. Langu sikuwahi kulitamka.

Shemeji akafungua mdomo. Nilimtangulia.

"Soma Rudaina binti Yaafur."