Dakika Tano za Kujisajili

Kompyuta ya marehemu binti yangu imefungwa kwa programu ya kuficha mafaili, na nyimbo alizomrekodia mwanawe zimo humo humo.

"Bibi, nimejaribu kukusajili kwenye programu hii mara tatu, inagoma," fundi alisema. "Inataka namba ilizotuma kwenye simu ya marehemu. Zinadumu dakika tano tu."

Simu hiyo anayo mkwe wangu, niliyemfukuza msibani mbele za watu, nikaapa asikanyage kwangu tena.

Mjukuu wangu alinivuta nguo. "Bibi, mama anaimba saa ngapi?"

Dakika mbili zikapita hivi hivi. Kidole gumba changu, chenye kovu la kisu, kilitafuta jina la mkwe kwenye simu yangu. Nikabonyeza.

Iliita mara moja tu.

"Shikamoo, mama," alisema. "Una kalamu hapo?"