Jiko la Ukuta wa Nyuma

Fundi alipouliza mlango autoboe wapi, Fredrick alimwonyesha upande wa shamba la alizeti, siyo upande wa nyumba.

Asnath alikuwa anachambua mlenda kwenye ungo. Vidole vikasimama. Chumba kile cha kuegemea ukuta wa nyuma alikuwa amekijenga yeye, kichwani, tangu aolewe. Kila kipupwe, upepo wa Unyambwa ukivuma hadi masikio yanauma, alichutama nje mbele ya mafiga, moshi ukimfuata kila anakohamia, akaota: jiko banifu la kuni, bomba la moshi limetokeza juu ya bati, benchi kando yake, maharage yanachemka yenyewe huku yeye kanyoosha miguu. Na mlango wa ndani, utoke kitandani uingie kwenye joto. Alishamweleza mumewe hadi akachoka. Fredrick alikuwa anaguna tu.

Sasa chumba kinajengwa, na mlango wa ndani haupo.

"Baba Jenifa, kwenda kupika nitakuwa naizunguka nyumba nzima?"

"Nani kasema utapika wewe?" Fredrick akajibu, kisha akawa kama mtu aliyejing'ata ulimi. "Wewe subiri. Utaona."

Asnath hakuona, alisikia. Jioni mumewe alijibanza nyuma ya banda la mbuzi, simu sikioni, sauti ya chini.

"Shemeji, mwambie hatalala chini ya bati letu. Ana bati lake, mlango wake, jiko lake. Hata kupishana hatutapishana... Hapana, mke wangu asijue kwanza, mpaka yeye mwenyewe akubali."

Shemeji! Mwanamume hupata shemeji kwa kuoa. Asnath hakuhitaji kuelezwa zaidi. Alirudi ndani, akatia ugali chumvi, kitu ambacho hajawahi kukifanya maishani mwake.

Kesho yake alimpelekea jirani yake Redempta maneno hayo pamoja na machozi.

"Lakini Fredrick ni mtu wa haya," alisema, kana kwamba mshitakiwa ni yeye. "Si unakumbuka kule mnadani? Alimwona mama yangu kwa mbali tu, akaachia kamba ya mbuzi aliyekwisha kumnunua, akazama nyuma ya minyaa kichwa chini. Mbuzi akapotea, na watu wanamcheka mpaka leo. Mtu wa adabu namna ile aniletee mke mwenza?"

"Kumkwepa mkwe ni mila, mwenzangu, sote tumelelewa hivyo. Hilo halimzuii mtu kuoa." Redempta alitikisa kichwa. "Umeona wapi mwanamume akamjengea mke mmoja jiko la pili? Lisemwalo lipo, mama Jenifa. Kama halipo, laja."

Likaja, tena haraka. Fundi wa majiko alipofika na udongo wake, Asnath alikuwa amesimama dirishani.

"Liwe fupi," Fredrick alimwagiza. "Apike amekaa. Kuinama hawezi."

Asnath akashika ukuta. Kwa hiyo msichana ana mimba tayari! Alimchukia papo hapo, uso hajauona. Alimchukia na mtoto aliye tumboni, na hakuona aibu. Mume wangegawana, wapo wanaogawana na wanaishi. Lakini benchi lile? Joto lile alilolingoja miaka yote, akikohoa na kufuta machozi ya moshi? Aje mtu na tumbo lake, akae, anyooshe miguu?

Tangu siku hiyo hakumsemesha mumewe ila kwa "ndiyo" na "hapana". Fredrick wala hakugundua. Alikuwa anapiga mluzi, akiligusa jiko kila asubuhi kuona kama limekauka.

Lilipokauka, aliamka mapema, akaoga, akavaa shati la kanisani. Akapanga kuni kavu kando ya jiko, kisha akamjia mkewe akitabasamu.

"Mama Jenifa, leo tuna mgeni. Moto wa kwanza ukauwashe wewe. Mimi haifai." Akatoka kwenda kusimama njiani.

Auwashe yeye! Amwashie mwenziwe moto, labda na maji ya kuoga ambandikie! Asnath alikitazama kibiriti alichoachiwa mkononi. Akakiweka chini, akachukua mchi wa kutwangia.

Pigo la kwanza lilibomoa mdomo wa kuingizia kuni. La pili likaangusha bomba. Aliendelea kupiga hata pasipokuwa na cha kupiga, mpaka jiko likawa rundo la udongo na pumzi zikamwishia. Kusema kweli alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri sana.

Bajaji ikasikika inapanda njia ya alizeti. Asnath akatoka na mchi wake mkononi, kanga kaikaza kiunoni, maneno ameyapanga, maneno ambayo Unyambwa yote ingeyasikia.

Bajaji ikasimama. Aliyetangulia kushuka alikuwa Gervas, kaka yake Asnath, blanketi kwapani na fimbo ya kutembelea mkononi.

Fredrick hakungoja kumpokea mtu. Aliinamisha kichwa, akageuka, akajitosa kwenye alizeti, na shati la kanisani likapotelea katikati ya mabua.

Ndani ya bajaji sauti ya kizee, aliyoijua Asnath tangu utotoni, ikauliza, kwa Kinyaturu, kama moto umeshawaka.