Kituo cha Tatu

"Kituo cha Tatu kinasema wamevuka mto," alisema Koplo Severina, mkono mmoja ukibana hedifoni sikioni. "Ni wengi, wanaelekea kwenye mashamba ya mtama."

Meja Liberatus alishasogeza kijiti chekundu kwenye ramani kabla hajamaliza kumsikiliza. "Antoni na watu wake waende. Sasa hivi!"

Yalikuwa mazoezi tu, na risasi zilikuwa za kelele tupu. Lakini hakuna aliyekuwa akicheza. Ilikuwa Desemba 1978, vita ilikuwa imewaka Kagera, na batalioni ilikuwa njiani kwenda huko. Ndani ya hema lile, juu ya kilima kando ya barabara ya Idodi, Meja alikuwa akionyesha njia yake mpya: redio za upepo zimetawanywa porini, kila kituo kinaeleza kinachoona papo hapo, na amri inatoka kabla adui hajabadili mguu. Brigedia kutoka Dar es Salaam alikuwa ameketi pembeni na kikombe cha chai, akitazama. Akiridhika, njia hiyo ingekwenda vitani pamoja na askari.

Meja hakuweza kukaa. Mdogo wake, Fanueli, alikufa Kagera mwezi uliopita. Amri ya kurudi nyuma ilitolewa mapema, lakini ilifika wenzake wakiwa wameshamfunika turubai. Tangu Meja apate habari ile, usingizi ulimpaa, na mtu akichelewa kumjibu aliona kama anazibwa pumzi.

Adui wa siku hiyo alikuwa Kapteni Shija, Msukuma ambaye wazazi wake walihamia Usangu na ng'ombe wao, wakatua karibu na Ubaruku. Kazi ya Shija ilikuwa kulifikia hema. Kazi ya Meja, kumzuia. Kikosini Shija alijulikana kwa uzito wa ulimi. Ukimuuliza jambo, anaweza kumaliza chai kabla hajakujibu.

"Huyu nitamshika hajafunga kamba za buti," Meja alimwambia Brigedia.

Brigedia alicheka kidogo.

Kilichomkera Meja ni vituo vyake mwenyewe. Kituo cha Kwanza kilikuwa kikisuasua tangu asubuhi.

"Anasema ameona majani yanatikisika, hajui ni watu au upepo," Severina alieleza. "Anaomba akaangalie kwanza."

"Akaangalie! Jibu atanipa Krismasi?"

Kituo cha Tatu ndicho kilichomfurahisha. Pale alikuwapo Praiveti Yotamu, mtu wa Kilolo. Aliposema kuna moshi korongoni, Antoni alikwenda akakuta majivu bado yana moto. Aliposema kuna watu wawili wamejificha nyuma ya mwamba, Antoni aliwakamata wote wawili. Hakusitasita, hakuomba kurudia. Kufikia adhuhuri Meja alikuwa haulizi tena vituo vingine.

"Afande," Severina alisema, "Yotamu leo haitikii hata kamwene yangu, salamu ya kwao. Na si kawaida yake."

"Vizuri. Salamu zinakula muda. Angalau mmoja amenielewa."

Severina alirudisha macho kwenye redio. Baada ya kitambo akainua tena kichwa.

"Kituo cha Kwanza, Afande. Anasema ameshuka mwenyewe mpaka mtoni. Hakuna aliyevuka. Matope hayana hata alama ya mguu."

Mkono wa Meja ulibaki juu ya kijiti. Vituo viwili, kauli mbili. Akatazama ramani, lakini alichokiona ni turubai, na miguu ya Fanueli imetokeza chini yake.

"Na cha Tatu?"

Severina aliuliza, akasikiliza. "Anasema Kapteni Shija na watu wake wote wako bondeni, wanakula. Lakini wameanza kufunga mizigo."

"Nikingoja huyo wa kupima matope, wataondoka. Peleka kila aliyebaki. Na walinzi wa hapa pia, wakazibe njia ya nyuma."

"Walinzi wa hema, Afande?"

"Nimesema wote!"

Malori yalinguruma, yakateleza kwenye tope, yakapotea nyuma ya miti. Kilima kikawa kimya. Meja alitoka mezani hadi mlangoni, akarudi, akatoka tena. Chai yake ilikuwa imeganda utando juu. Brigedia alijimiminia nyingine.

"Una haraka, Meja."

"Kagera watu wanakufa kwa kusubiri, Afande."

"Wanakufa," Brigedia alikubali. "Wengine kwa kusubiri."

Meja alitaka kumuuliza ana maana gani, lakini redio ilikwaruza. Severina akasikiliza, akakunja uso.

"Kituo cha Tatu. Anataka kuzungumza na wewe mwenyewe, Afande."

Kwa mara ya kwanza siku ile, Meja alitabasamu. "Basi Shija amesalimu amri."

Akachukua hedifoni, akainama juu ya redio. Tangu asubuhi alikuwa akipata maneno ya kituo kile kupitia kinywa cha Severina. Sasa alitaka kumpongeza askari wake mwenyewe. Nyuma yake alisikia Brigedia akiweka kikombe mezani, taratibu.

"Yotamu! Umefanya kazi nzuri sana. Kapteni Shija yuko wapi?"

Mtu wa upande wa pili hakuwa na haraka yoyote ya kujibu.

"Geuka, Afande," sauti isiyo ya Yotamu ikasema, na Meja akaisikia mara mbili: moja sikioni, nyingine nyuma ya mgongo wake.